Julius Sang: Mnandi aliyeshika kijiti cha mwisho Munich

KILA baada ya miaka minne, Michezo ya Olimpiki inapobisha hodi, Wakenya huyafufua majina yaleyale. Kipchoge Keino hutajwa, Naftali Temu hukumbukwa, na Amos Biwott hurejea midomoni mwa wazee waliosikiliza redio mwaka 1968. Ni nadra jina la Julius Sang kusikika, na hata linaposikika huwa ni moja kati ya majina manne yanayosomwa kwa pumzi moja, kana kwamba wanariadha hao wanne walikuwa mwili mmoja.

Hata hivyo Sang ndiye Mkenya wa kwanza kutwaa nishani ya Olimpiki katika mbio za mita 400. Ndiye pia aliyekimbia mzunguko wa mwisho siku Kenya ilipojinyakulia dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti, dhahabu ambayo haijapata mwenzake hadi leo. Taifa hili limezoa nishani chungu nzima kutoka mita 800 hadi marathoni. Chini ya masafa hayo dhahabu ya Olimpiki ni hiyo moja tu ya Munich, ya tarehe 10 Septemba 1972.

Wapo waliodai kwamba dhahabu hiyo ilikuwa ya kuokota. Dai hilo tutalirudia baadaye, kwani haliwezi kujibiwa bila ya kumfahamu mtu mwenyewe na njia aliyoipita hadi akafika uwanjani humo.

Sang alizaliwa Septemba 1948 katika nchi ya Wanandi. Alikulia zama ambapo kijana mwenye miguu myepesi katika Bonde la Ufa hakuwa na milango mingi ya kubisha. Shule zilikuwa chache, na vyuo vya humu nchini havikuwa na ada ya kumsomesha mtu kwa sababu ya mbio zake. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa vikosi vya serikali: jeshi, polisi na magereza. Keino mwenyewe aliuingia kupitia polisi.

Aliyesafiri kutoka Nandi kuelekea Nairobi kwa basi au kwa garimoshi alipita Nakuru, na kabla ya kuuacha mji huo nyuma aliiona Lanet, mahali pa kambi za wanajeshi, ambapo baadaye maafisa wa jeshi la Kenya wamekuwa wakifunzwa. Lanet ilitikisa taifa changa mwezi wa Januari 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, pale askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walipoasi na wanajeshi wa Uingereza wakaitwa kuzima maasi hayo. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo, jeshi hilohilo lililokuwa limeitia nchi hofu likaipa furaha yake ya kwanza ya Olimpiki. Askari Wilson Kiprugut Chumo alimaliza wa tatu katika mita 800 huko Tokyo, akawa Mkenya wa kwanza kuvishwa nishani ya michezo hiyo. Kwa vijana wa rika la Sang, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 16, somo lilikuwa bayana: mbio na magwanda vilikwenda pamoja.

Jambo lingine lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Kenya ilikuwa ikijulikana kwa masafa ya kadri na marefu, wala si kwa kasi ya karibu. Ni kweli Seraphino Antao wa Mombasa alikuwa ameutikisa ulimwengu mwaka 1962 huko Perth, Australia, alipotwaa dhahabu mbili za Michezo ya Jumuiya ya Madola katika yadi 100 na yadi 220. Lakini Antao alichukuliwa kuwa nyota aliyepita angani mara moja. Mita 400 nazo zilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe, kwani ni fupi mno kwa mkimbiaji wa milimani na ni ndefu mno kwa mtu wa pwani.

Huko Mexico City mwaka 1968 ardhi hiyo ilianza kulimwa. Daniel Rudisha, ambaye miaka mingi baadaye mwanawe David angevunja rekodi ya dunia ya mita 800, aliungana na Hezekiah Munyoro Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati. Wanne hao wakamaliza wa pili katika mita 400 kupokezana vijiti kwa muda wa dakika 2 na sekunde 59.64. Mbele yao walikuwa Wamarekani waliovunja rekodi ya dunia kwa dakika 2 na sekunde 56.16. Fedha hiyo ya Mexico itafaa kukumbukwa tutakapofika Munich.

Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Sang alikuwa tayari kikosini. Asati alishinda mita 400, na Robert Ouko akashinda mita 800. Kisha Nyamau, Sang, Ouko na Asati wakaungana na kutwaa dhahabu ya vijiti kwa muda wa dakika 3 na sekunde 3.6. Mwezi wa Septemba mwaka huo, jijini London, Ouko na Nyamau wakishirikiana na Naftali Bon na Thomas Saisi walivunja rekodi ya dunia ya yadi 880 mara nne. Ni wazi kwamba kufikia hapo Kenya ilikuwa imepata kizazi cha watu walioelewa maana ya kumkabidhi mwenzio kijiti.

Hapa ndipo mlango wa pili ulipofunguka, na ulifunguka mbali sana na Lanet.

Katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani, kulikuwa na chuo cha watu weusi kilichoasisiwa na James Shepard mwaka 1910. Durham ulikuwa mji wa tumbaku, na ulikuwa pia mji wa ubaguzi. Mwaka 1957 vijana weusi walikamatwa humo kwa kuketi upande wa wazungu katika duka la aiskrimu, miaka mitatu kabla ya wimbi kubwa la migomo ya namna hiyo kuenea kusini mwa Marekani. Wanafunzi wa chuo hicho hawakuwa watazamaji katika mapambano hayo. Mwaka 1969 chuo kilipandishwa hadhi na kuitwa North Carolina Central University.

Mwaka 1945 alikuwa amewasili chuoni hapo kijana mmoja aitwaye LeRoy Walker, mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa Atlanta mwaka 1918. Aliletwa kuwa msaidizi wa kocha wa kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa zaidi kwa mikono, kwa mpira wenye umbo la yai. Yeye mwenyewe alikuwa amewika katika mchezo huo akiwa mwanafunzi. Walker hakuanzisha timu ya riadha kwa sababu ya kutamani nishani. Alitaka wachezaji wake wa kandanda na mpira wa vikapu wasinenepe wakati wa mapumziko ya msimu. Kwa hiyo timu iliyokuja kulisha Olimpiki kwa miongo mitatu ilizaliwa kama zoezi la kupunguza kitambi.

Walker alikuwa msomi wa kweli. Alipata shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha New York mwaka 1957, akichunguza jinsi mwili wa binadamu unavyosogea. Kabla hata hajaipata, mmoja wa wanafunzi wake, Lee Calhoun, alikuwa ameshinda mita 110 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Mbio hizo zilikuwa za kukabana koo hadi picha ikalazimika kuamua, kwa maana yeye na Jack Davis walipewa muda mmoja wa sekunde 13.5.

Kisa cha Calhoun baada ya hapo kinafaa kusimuliwa, kwani kinaonyesha sheria za riadha za zama hizo zilivyokuwa kali hata zikachekesha. Alifunga ndoa katika kipindi cha televisheni kilichowapa maharusi zawadi. Wakuu wa riadha ya ridhaa wakasema kwamba amejinufaisha kwa jina lake la michezo, nao wakamfungia msimu wa 1958. Harusi ikamgharimu mwaka mzima! Alirejea, na huko Roma mwaka 1960 akashinda tena, akiwa mtu wa kwanza kutwaa dhahabu ya mbio hizo mara mbili.

Baada ya Calhoun akaja Edwin Roberts wa Trinidad, aliyeipatia nchi yake shaba ya mita 200 huko Tokyo mwaka 1964 na shaba nyingine ya vijiti. Walker akawa anaalikwa huku na kule. Alizinoa au kuzishauri timu za Ethiopia na Israeli mwaka 1960, Trinidad na Tobago mwaka 1964, Jamaica mwaka 1968, na Kenya mwaka 1972. Chuo kidogo cha Durham kikageuka njia panda ya wanariadha weusi wa dunia.

Kwenye njia panda hiyo ndipo Julius Sang na Robert Ouko walipotua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Msomaji asimchanganye Ouko huyu na Dkt Robert Ouko, waziri aliyeuawa mwaka 1990. Walikuwa watu wawili tofauti, mmoja wa siasa na mwingine wa mbio.

Ilikuwaje kwa Mnandi na Mkisii kujikuta katika bweni la wanafunzi weusi wa Kimarekani, katika nchi ambako baba zao hao wanafunzi hawakuruhusiwa kunywa maji kwenye bomba moja na wazungu? Nyumbani walikuwa wameiona bendera ya mkoloni ikishuka wakiwa vijana. Ugenini waliwakuta vijana wa rika lao ambao sheria za haki zao zilikuwa na umri wa miaka michache tu. Ni vigumu kuamini kwamba walikaa humo bila ya kujifunza lolote zaidi ya yale yaliyokuwa kwenye ratiba ya masomo.

Riadha ya vyuo vya Marekani ina desturi moja ambayo kwetu haikuwepo. Huko, vijiti si pambo la kufunga siku ya mashindano. Ndivyo kiini chake. Kila mwezi wa Aprili mjini Philadelphia hufanyika Penn Relays, mashindano yaliyoanza mwaka 1895, ambapo timu za shule na vyuo hupokezana vijiti kutwa nzima mbele ya maelfu ya mashabiki. Mkimbiaji wa chuo huenda akakimbia mita 400 zake peke yake mara chache tu kwa msimu, lakini katika timu atakimbia wiki baada ya wiki, pengine zaidi ya mara moja kwa siku.

Tofauti hiyo si ndogo. Anayekimbia mita 400 peke yake huwa katika mstari wake, na shughuli yake ni kugawa nguvu zake mwenyewe. Katika vijiti, mistari huachwa mapema wakati wa mzunguko wa pili, na kuanzia hapo wanariadha hukimbia kwa kusongamana. Mpokeaji hugeuza shingo kumtazama mwenzake anayekuja akiwa hoi, hukadiria mwendo wake, huanza kutimka, kisha hunyoosha mkono nyuma. Yote hayo hutendeka ndani ya eneo la mita 20 huku wapinzani wakipigana vikumbo. Akishakipata kijiti hujikuta hana nafasi aliyoichagua: pengine anaongoza, pengine yuko mita kumi nyuma. Aliye nyuma hushawishika kulipa deni lote katika mita 100 za kwanza. Kuushinda ushawishi huo si kipaji, ni mazoea. Sang alikwenda kuyapata mazoea hayo Durham.

Mwaka 1972 timu hiyo ya chuo ilikuwa imeiva. Ilitwaa taji la kitaifa la NAIA, shirikisho la vyuo vidogo vya Marekani. Miongoni mwa wenzake Sang alikuwamo Larry Black, mkimbiaji wa mita 200 ambaye naye alikuwa akijiandaa kwa Olimpiki. Wanafunzi hao walipofunga mizigo kwenda Ujerumani Magharibi, walikwenda kuvaa jezi za mataifa mawili.

Nusura Wakenya wasikimbie kabisa. Mataifa ya Afrika, Kenya ikiwemo, yalitishia kujiondoa iwapo Rhodesia, Zimbabwe ya leo, iliyokuwa chini ya utawala wa wazungu wachache, ingeshiriki. Tarehe 22 Agosti, siku nne kabla ya ufunguzi, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipiga kura kwa tofauti ya kura tano na kuitoa Rhodesia. Wakenya wakabaki.

Michezo ilianza kwa shangwe. Kisha alfajiri ya tarehe 5 Septemba wanamgambo wa Kipalestina waliingia katika kijiji cha wanariadha na kuwateka Waisraeli. Kufikia usiku wa kuamkia tarehe 6, wanamichezo na makocha 11 wa Israeli walikuwa wamekufa. Michezo ilisitishwa, ibada ya ukumbusho ikafanyika, kisha ikaamuliwa kwamba iendelee.

Fainali ya mita 400 ilifanyika tarehe 7 Septemba katika hali hiyo ya huzuni. Mexico, Amadou Gakou wa Senegal alikuwa ameikosa nishani kwa kumaliza wa nne. Safari hii Mmarekani John Smith alijitonesha msuli na kuacha mbio mapema. Vince Matthews alitangulia kwa sekunde 44.66, Wayne Collett akafuata kwa 44.80, na Sang akamaliza wa tatu kwa sekunde 44.92.

Picha za jukwaa la washindi siku hiyo zimechapishwa mara nyingi, lakini aghalabu wasomaji hawamtazami mtu wa tatu. Matthews na Collett, wote weusi, walisimama kwa kujilegeza wakati wimbo wa taifa lao ukipigwa. Walizungumza, wakashika viuno, Collett akiwa miguu mitupu, na hawakuielekea bendera. Uwanja uliwazomea. Matthews aliondoka akiizungusha nishani yake kidoleni. Kwenye ngazi ya tatu alikuwa Sang, mwanafunzi wa chuo cha weusi, aliyejua pengine kuliko mtu yeyote uwanjani humo, wenyewe wakiondolewa, machungu yaliyowasukuma wawili hao. Alisimama wima. Siku ile haikuwa yake ya kuzungumza kwa mwili wake. Alikuwa amebeba bendera changa.

Avery Brundage, mwenyekiti wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, aliwafungia Matthews na Collett maisha. Kwa kuwa Smith alikuwa ameumia, Marekani ikabaki bila ya watu wa kutosha, ikajiondoa katika mbio za vijiti. Hapa ndipo penye mzizi wa maneno kwamba Kenya iliokota dhahabu.

Tarehe 10 Septemba, Kenya ilimpanga Asati aanze, Nyamau afuate, Ouko awe wa tatu na Sang amalize. Ouko alikuwa amekwisha kukimbia fainali ya mita 800 na kumaliza wa tano, huku Mike Boit akiipatia Kenya shaba. Wenyeji, Wajerumani Magharibi, ndio waliopigiwa upatu sasa. Mtu wao wa mwisho alikuwa Karl Honz, ambaye msimu uo huo alikuwa ameweka rekodi ya Ulaya ya sekunde 44.70. Kwa kalamu na karatasi, Honz alikuwa na kasi kumshinda Sang.

Zamu ya mwisho ilipofika Honz alipokea kijiti akiwa mbele, na uwanja mzima ukalipuka. Mjerumani huyo alitimka kama mtu anayekimbia mita 200 pekee. Pengo likapanuka. Sang alipokea kijiti akiwa nyuma, na jambo alilolifanya katika mita 150 zilizofuata ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote aliyoyafanya maishani mwake: hakumfukuza. Aliongeza mwendo kwa kiasi, akakaa na wenzake, akamwacha Honz aende na kelele za watu wake.

Katika mstari ulionyooka wa upande wa pili pengo liliacha kukua, na kwenye kona ya mwisho likaanza kuliwa. Honz aliingia mita 100 za mwisho mabega yamepanda na magoti yamekataa kuinuka, hali ambayo kila aliyewahi kukimbia mzunguko mmoja kwa pupa anaijua. Sang alimpita. David Jenkins wa Uingereza naye akampita, na Mfaransa vilevile. Wenyeji waliokuwa wakishangilia dhahabu dakika moja tu kabla walimaliza wa nne, mikono mitupu.

Kenya ilikata utepe kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Uingereza ilipata dakika 3 na sekunde 0.46, na Ufaransa dakika 3 na sekunde 0.65. Mzunguko wa Sang peke yake ulikadiriwa kuwa wa sekunde 43.5.

Sasa turudi kwenye lile dai. Ni kweli Marekani haikuwepo, na ni kweli kwamba Matthews, Collett na Smith wakiwa wazima na huru wangekuwa tatizo kubwa. Mwandishi huyu hatadai kwamba Kenya ingewashinda. Lakini aliyeokota ni yule aliyekuwa akipita njia. Wakenya hawakuwa wapita njia. Walikuwa wa pili duniani mwaka 1968 na mabingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 1970, na wote wanne walikuwa wamepokezana kijiti hichohicho kwa miaka miwili. Zaidi ya hayo, siku ya fainali ushindi haukuwa ukiwangoja mezani. Ulikuwa mikononi mwa Honz zikiwa zimebaki mita 200. Ilibidi mtu auchukue, na mzunguko wa sekunde 43.5 ungemtia wasiwasi hata Mmarekani.

Kenya ilirudi nyumbani na nishani tisa, zikiwemo dhahabu mbili. Ya pili ilikuwa ya Keino katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, Ben Jipcho akiwa wa pili. Nakuru nayo ilikuwa na lake la kusherehekea, maana Philip Waruinge, bondia aliyekulia mjini humo, alipata fedha, huku Richard Murunga na Samuel Mbugua wakipata shaba za ndondi. Katika furaha ya Keino na ya mabondia, wanne wa vijiti walipata sehemu yao ya pongezi na kupita.

Kule Durham walikuwa na hesabu nyingine. Black alikuwa ametoka Munich na fedha ya mita 200 na dhahabu ya mita 100 kupokezana vijiti, akiwa ndiye aliyeanza katika timu iliyovunja rekodi ya dunia kwa sekunde 38.19. Sang alikuwa na dhahabu na shaba, na Ouko alikuwa na dhahabu. Chuo kimoja, ambacho Wamarekani wengi wasingeweza kukionyesha kwenye ramani, kilijivunia wanafunzi watatu wenye nishani tano, tatu zikiwa za dhahabu. Zipo nchi nyingi zilizorudi kutoka Munich na pungufu ya hizo.

Walker aliendelea kupanda. Mwaka 1976 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya riadha ya wanaume ya Marekani kwenye Olimpiki, baadaye akawa mkuu wa chuo hicho, kisha rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Alifariki mwaka 2012 mjini Durham.

Kwa Sang, barabara iliyobaki ilikuwa fupi. Mapema mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, alikimbia tena mzunguko wa mwisho, safari hii akiwa na Asati, Francis Musyoki na Bill Koskei, na Kenya ikahifadhi ubingwa wake wa Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 4.4. Ilitarajiwa kwamba dhahabu ya Munich ingetetewa Montreal mwaka 1976. Haikutetewa. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi, na nchi za Afrika zikaisusia Olimpiki. Kenya ilisusia pia Michezo ya Moscow ya 1980. Aliyekuwa na umri wa miaka 23 Munich alikuwa na miaka 35 kufikia Los Angeles mwaka 1984, na mita 400 hazimsubiri mtu.

Sina ugomvi na ususiaji wa Montreal, kwani ubaguzi ule ulistahili kupingwa kwa kila silaha. Ila deni lake lililipwa na watu, na baadhi yao walikuwa na majina. Boit hutajwa kila mara kuwa miongoni mwa waliodhulumiwa na kalenda. Kikosi cha vijiti hakitajwi.

Sang alimwoa Tekla Chemabwai, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki, mwaka 1968 huko Mexico, ambaye mbio zake pia zilikuwa za mita 400. Ilikuwa nyumba ya mzunguko mmoja, kwa mume na mke. Ouko, mwenzake wa Durham, aliingia katika uongozi wa riadha ya Kenya na alifariki mwaka 2019.

Nishani ya pili ya Kenya katika mita 400 ilingoja miaka 20. Ililetwa na Samson Kitur, aliyemaliza wa tatu Barcelona mwaka 1992 kwa sekunde 44.24. Kitur alifariki mwezi wa Aprili 2003, akiwa bado kijana. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2004, Julius Sang naye alifariki mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 55. Katika muda wa miezi kumi na miwili, Kenya ilikuwa imewazika wote wawili waliowahi kuiletea nishani ya Olimpiki katika mbio hizo.

Mwezi wa Agosti mwaka huo wa 2004, Athens ikawaita mabingwa. Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech walizoa nishani zote tatu za kuruka viunzi na maji. Katika vijiti vya mita 400, dhahabu ilikwenda kwa Marekani.